Maswali ya Wasomaji: Simu Inyamaze Kabla Gari Halijaondoka

Katika toleo lililopita tulichapisha barua fupi ya mwalimu wa shule ya udereva, aliyelalamika kwamba wanafunzi wake huweka simu mapajani hata siku ya kwanza wanapokaa nyuma ya usukani, na akauliza kama teknolojia iliyoleta tatizo hili haiwezi pia kulipunguza. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Nimechagua sita, na nimefupisha baadhi yake bila kubadilisha maana. Kila barua inafuatwa na jibu langu.

Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Morogoro. Mwanangu wa kwanza ana miaka 20 na amepata leseni mwaka huu. Hutumia Vitz yetu kwenda chuoni na kunipelekea mizigo dukani. Juzi nilipanda naye kutoka Msamvu, na kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameitazama simu mara sita, nilihesabu. Nikimkanya huniambia, “Mama, naangalia kidogo tu.” Nimesikia kwamba zipo programu zinazofunga simu gari likiwa kwenye mwendo. Je, ni kweli? Na je, nimwekee bila kumwambia?

Mama, tuanze na hiyo “kidogo tu”, kwa sababu kijana anayeisema hadanganyi. Kwa hisia zake ni kidogo kweli. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo kwenye maeneo ya makazi hapa Tanzania, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Akishusha macho kwa sekunde 3 ili aone ni nani aliyeandika, amekwenda mita 42 bila kuiona barabara, na ndani ya mita 42 za barabara ya mtaani kuna kivuko, kuna mwenye baiskeli, na pengine kuna mtoto anayekimbilia mpira. Mara sita alizoitazama simu si kidogo mara sita. Ni vipande sita vya barabara ambavyo gari lenu lilivipita bila dereva.

Kwa dereva mpya hatari hii ni kubwa zaidi, na hilo limepimwa. Watafiti wa jimbo la Virginia, Marekani, waliweka kamera na vitambuzi ndani ya magari ya vijana 42 waliokuwa wamepata leseni karibuni na ya madereva wazoefu 109, kisha wakachapisha matokeo mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Kijana alipobonyeza namba ili apige simu, uwezekano wa ajali au wa kuponea chupuchupu ulipanda takriban mara 8. Aliponyoosha mkono kuifikia simu, takriban mara 7. Alipoandika au kupokea ujumbe, karibu mara 4. Kwa wazoefu, kubonyeza namba kuliongeza hatari karibu mara mbili na nusu. Mzoefu huendesha kwa mazoea ya mwili, ilhali dereva mpya bado anafikiria kila kitu, yaani umbali wa gari la mbele, kioo cha pembeni na uzito wa mguu kwenye breki, hivyo simu inapochukua fikra zake haimwachii akiba yoyote.

Hilo la kunyoosha mkono ninalijua kwa mwili wangu. Mwaka wa pili baada ya kupata leseni niliiweka simu kwenye kiti cha abiria, nikafunga breki kidogo kwenye tuta, nayo ikateleza na kuangukia chini karibu na miguu yangu. Niliinama kuiokota. Nilipoinua kichwa, mbele yangu kulikuwa na mwenye baiskeli aliyebeba magunia mawili ya mkaa, na kati ya bampa langu na tairi lake la nyuma palibaki nafasi isiyozidi hatua mbili. Yeye hakujua kilichotokea na aliendelea kukanyaga pedali. Mimi niliegesha pembeni kwa muda mrefu, mikono ikitetemeka, na hata sikukumbuka kutazama ni nani aliyekuwa amenipigia.

Sasa programu. Ndiyo, zipo, na nyingi hazihitaji kununuliwa kwa sababu zimo ndani ya simu yenyewe. Simu za iPhone zimekuwa na uwezo wa kuzima arifa wakati wa kuendesha tangu mwaka 2017, na leo utaupata kwenye mipangilio, sehemu ya Focus, chini ya Driving. Simu nyingi za Samsung zina hali ya udereva ndani ya Modes and Routines. Simu nyingine za Android, zikiwemo Tecno, Infinix na itel ambazo vijana wetu wengi wanazo, zina kitufe cha Usinisumbue ukivuta pazia la juu la skrini. Yote haya hufanya jambo moja la msingi: simu hailii, haitetemeki, na kioo hakiwaki ujumbe unapoingia, ingawa ramani na muziki vinaweza kuendelea.

Tofauti iko katika namna simu inavyojua kwamba safari imeanza. Baadhi ya simu huhisi mwendo zenyewe kwa vitambuzi vyake, na hapo pana kasoro moja: simu haijui kama mwenyewe ameshika usukani au amekaa kwenye kiti cha nyuma cha daladala. Kijana anayepanda basi atakuta simu imenyamaza bila sababu, ataudhika, na siku ya tatu atauzima mpangilio wote. Njia nyingine, ambayo mimi ninaipendelea, ni kuifungamanisha hali hiyo na bluetooth ya gari, ili simu ijinyamazishe inapounganishwa na gari hilo tu na iamke inapoachana nalo.

Najua utaniambia kwamba Vitz yenu ilikuja kutoka Japani na redio yake inaongea Kijapani. Gari la aina hiyo linasaidiwa na kile kifaa kidogo chenye bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, ambacho watu hukinunua kwa bei ndogo ili wasikilize muziki wa simu kwenye redio. Redio nyingi za Kijapani huishia masafa ya FM ya 90, kwa hiyo muziki utasikika tu mkikiweka kifaa kati ya 87.5 na 90. Lakini kwa haja yetu hata muziki si lazima. Kinachotakiwa ni kwamba katika magari mengi tundu lile hupata umeme pale ufunguo unapozungushwa, kifaa kinawaka, simu inakitambua, na hali ya udereva inajiwasha kabla gari halijatoka getini. Kijana hakulazimika kukumbuka wala kuamua. Uzuri wake uko hapo, kwa sababu anayesubiri simu ilie ndipo aamue kama ataipuuza ameshachelewa: akili yake imekwisha kutoka barabarani kumtafuta aliyepiga.

Kuhusu kumwekea kwa siri, nakuomba usifanye hivyo. Mwanao ana miaka 20, ni mtu mzima, na simu yake ni mali yake. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na programu ya kumpeleleza mtu mzima bila ridhaa yake si jambo la kuchezea. Tena haitafanya kazi, maana atakayeigundua ataiondoa, nawe hutajua. Gari, hata hivyo, ni lenu. Una haki kamili ya kuweka sharti la kulitumia, na sharti likawa kwamba mpangilio huu unawekwa na yeye mwenyewe, mbele yako, mezani. Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwahi kuwafuatilia vijana wenye leseni mpya waliowekewa mfumo wa kufunga simu garini, na mfumo ulipokuwa pia ukiwapa wazazi taarifa, huku kijana akilijua hilo, mwenendo wa vijana ulikuwa bora zaidi. Kilichosaidia ni mfumo pamoja na mazungumzo ya nyumbani.

Nami nina swali moja kwako, Mama, na niwie radhi. Katika zile mara sita, je, hakuna hata moja iliyokuwa simu ya dukani kwako ikiuliza mzigo umefika wapi?

Ninaendesha gari kwenda kazini kila siku kutoka Nyali hadi mjini Mombasa. Nina miaka 25. Nimenunua vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya ili nisishike simu. Rafiki yangu anasema bado ni hatari. Nani yuko sahihi?

Rafiki yako. Umeondoa sehemu moja ya tatizo, ambayo ni mikono, na hilo si dogo. Lakini Shirika la Afya Duniani linaeleza wazi kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa zaidi kuliko ile inayoshikwa, na kwamba dereva anayetumia simu anakaribia kuwa na uwezekano mara 4 zaidi wa kupata ajali. David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah, ambaye amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi kwa kutumia mashine za kuigiza udereva, alionyesha kwamba mtu anayezungumza kwa simu, hata mikono ikiwa huru, anaweza kukitazama kitu kilicho mbele yake na asikione. Macho yako yapo kwenye taa za barabarani, na akili ipo kwa mwenzako aliye kwenye laini.

Huenda ukauliza kwa nini basi kuzungumza na abiria si hatari vilevile. Abiria anaiona barabara. Lori likijitokeza kutoka pembeni, hunyamaza bila kuambiwa, na mara nyingi hukuonya. Anayekupigia kutoka ofisini haoni lori, kwa hiyo anaendelea kukuuliza kuhusu ripoti ya Jumatatu.

Hata kuiamrisha simu kwa sauti kuna gharama yake. Uchunguzi wa taasisi ya chama cha madereva cha Marekani, AAA, uliotolewa mwaka 2015, uligundua kwamba katika baadhi ya mifumo ya sauti athari kwenye umakini wa dereva zinaweza kubaki hadi sekunde 27 baada ya amri kukamilika. Kwa hiyo mwambie msaidizi wa sauti unakokwenda kabla hujatoka Nyali. Mengine yasubiri ufike. Vile vipokea sauti viache mkobani, kwa sababu pia vinakuzibia honi na king'ora cha gari la wagonjwa.

Mimi ni dereva wa teksi mtandao hapa Dar es Salaam, nina miaka 24. Ushauri wote ninaousoma unasema zima simu. Nikizima simu sili. Mdogo wangu ni bodaboda, na yeye pia hupata wateja kwa simu. Tufanyeje?

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na ninakubali kwamba ushauri mwingi kuhusu jambo hili umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda ofisini na kurudi. Kwako simu ni chombo cha kazi, kwa hiyo usiizime. Ipunguze, ibaki na kazi tu.

Simu ya dereva wa teksi huwa na mambo mengi yanayolia kwa mpigo: maombi ya safari, ramani, makundi ya WhatsApp ya madereva, ujumbe wa familia, matokeo ya mpira. Katika haya ni mawili tu yanayokuletea riziki. Washa Usinisumbue, kisha ndani ya mipangilio yake ruhusu programu ya kazi na ramani peke yake. Utashangaa jinsi gari linavyotulia. Kundi la madereva linalokwambia askari wako wapi na foleni iko wapi utalisoma ukiwa umeegesha.

Pili, weka simu kwenye kishikilia simu kilichofungwa kwenye dashibodi, chini ya usawa wa macho bila kuziba kioo, mahali ambapo kidole kinafika huku mgongo ukiwa bado umeegemea kiti. Ombi la safari likija, ni mguso mmoja au hakuna. Ukiona unalazimika kusoma, kulinganisha bei au kupima umbali, hilo tayari ni somo la kusoma gari likiwa limesimama. Na muda mbaya kuliko wote, kwa uchunguzi wangu nikiwa abiria, ni zile dakika tano za kumtafuta mteja, pale anapopiga akisema “nipo karibu na duka la dawa, mkabala na msikiti”, na dereva anageuza kichwa kutafuta duka, mkono mmoja una simu, mwingine una usukani, na mguu hauko popote. Andaa mapema ujumbe mmoja mfupi kwenye programu, unaosema umefika na uko wapi, utume ukiwa umeshasimama. Mteja atakusubiri dakika moja.

Kwa mdogo wako nina neno zito zaidi. Nimewaona vijana wengi wa bodaboda wakiichomeka simu ndani ya kofia ngumu, kati ya shavu na sifongo, wakizungumza huku wanapenya foleni. Kofia ambayo ndani yake kuna simu haikai sawasawa kichwani, na akianguka kuna kipande cha kioo na chuma kati ya uso wake na kinga yake. Aiweke simu mfukoni ikiwa na mtetemo wa wapigaji tu, na akisikia mtetemo atoke barabarani ndipo apokee. Pikipiki ina nafuu moja ambayo gari halina, kwamba pa kusimama hapakosekani.

Nimefunga skrini kubwa ya Android kwenye IST yangu. Fundi ameiwezesha kuonyesha video hata gari likitembea. Je, hii nayo ni simu?

Ni simu kubwa zaidi. Watengenezaji wengi huweka kizuizi kinachozima picha gari likiondoka, na kwa kawaida kizuizi hicho husoma waya wa breki ya mkono. Fundi wako ameudanganya waya huo. Rudi kwake aurejeshe. Ni kazi ya dakika chache, na skrini itabaki na faida zake zote: ramani, redio, kamera ya nyuma. Abiria wanaotaka kutazama video watumie simu zao wenyewe.

Ninaandika kutoka Nairobi. Je, zipo nchi ambazo mashine zenyewe huwakamata madereva wanaotumia simu, na je, zinawasaidia vijana?

Zipo. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilianza Desemba 2019 kutumia kamera zinazopiga picha kupitia kioo cha mbele, usiku na mchana. Programu ya kompyuta huchuja picha zenye dalili za simu, kisha mtu huzikagua kabla ya adhabu kutolewa. Uingereza ilikaza sheria yake mwezi Machi 2022, na kwa dereva mpya ni kali kweli: kosa la kushika simu lina pointi 6 za adhabu, na anayefikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza hupoteza leseni. Ninaiunga mkono sheria ya aina hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa inamlenga kijana katika miaka ileile ambayo tabia zake za barabarani zinajengeka.

Kwetu Tanzania, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hufuatilia mabasi ya mikoani kwa mfumo wa VTS, ambao huonyesha mahali basi lilipo na mwendo wake. Mfumo huo umeonyesha kwamba chombo kinaweza kufuatiliwa kutoka mbali, lakini hauoni kilicho mkononi mwa dereva, na gari binafsi la kijana wa miaka 19 halimo kabisa. Kwa hiyo kwa sasa kamera iliyo karibu naye ni jicho la abiria aliyekaa pembeni yake. Abiria huyo asinyamaze. Ni ajabu kwamba tunamkemea dereva anayekwenda kasi, ila anayeandika ujumbe tunamvumilia kwa kuona haya.

Nina miaka 22, ninafanya kazi Dodoma na wazazi wangu wako Singida. Baba hupiga simu wakati wowote, na nisipopokea huona nimemdharau. Hunigombeza wiki nzima. Nikiwa barabarani napokea kwa sababu hiyo tu. Nifanyeje bila kumkosea adabu?

Binti, barua yako imenigusa kuliko zote, kwa sababu wengi wetu hatupokei simu garini kwa uraibu bali kwa heshima. Tumelelewa hivyo, na sitaki uache. Simu yako inaweza kuibeba heshima hiyo kwa niaba yako.

Kwanza, zungumza naye uso kwa uso utakapokwenda nyumbani, si kwa simu, na umweleze mambo mawili. La kwanza ni kwamba ukiwa njiani simu yako itakuwa kimya kwa kuwa wewe umeamua hivyo, wala si kwamba umemkataa. La pili ni kwamba akiwa na dharura ya kweli, apige mara mbili mfululizo. Kwenye Android nyingi kuna mpangilio unaoruhusu mtu yuleyule anayepiga tena ndani ya dakika 15 asikike; kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Ukimsikia hivyo, washa taa ya pembeni, egesha mahali salama, kisha mpigie. Usiongee naye gari likiwa kwenye mwendo hata kwa hilo, na mwambie mapema kwamba itachukua dakika moja au mbili kabla hujampigia.

Kisha weka jibu linalotumwa na simu yenyewe. Kwenye iPhone unalo ndani ya mpangilio wa udereva, nalo huenda kwa anayekuandikia ujumbe. Kwenye Android hutegemea aina ya simu, na kwingine utahitaji programu ya ziada. Fahamu kwamba jibu hilo hutumwa kama ujumbe wa kawaida, haliendi kwa anayekupigia au kukuandikia WhatsApp, kwa hiyo mwombe Baba akikukosa akuandikie ujumbe wa kawaida. Maneno yanayokuja na simu ni makavu, tena ya Kiingereza. Yafute uandike ya kwako, kwa namna ambayo ungemjibu kama angekuwa amesimama mbele yako:

“Shikamoo Baba. Niko barabarani, ninaendesha. Nikisimama tu nitakupigia.”